Corinthian: Klabu Iliyokataa Kombe

Nikitaja Corinthian, vijana mnawaza São Paulo. Huyo ni mtoto. Leo namzungumzia mama, Corinthian ya London, iliyoanzishwa 1882 na N. L. Jackson, mtu wa FA, chama cha soka cha England, aliyechoshwa na vipigo England ilivyopata kwa Uskoti: 6-1 mwaka 1881, 5-1 mwaka uliofuata. Dawa yake ilikuwa kuwakusanya wachezaji bora wa ridhaa, yaani wasiolipwa, wazoeane. Kugombea kombe au zawadi yoyote, marufuku.

Msicheke. Mwaka 1884 waliwachapa Blackburn Rovers, waliokuwa wanashikilia Kombe la FA, 8-1. Mwaka 1894, na tena 1895, England iliyocheza na Wales ilikuwa Corinthian watupu, kuanzia golikipa. Mwaka 1904 Bury, walioshinda fainali ya 1903 kwa 6-0, walikula kumi. 10-3!

Sasa penalti. Nimeisema mara nyingi na nitaisema tena. Sheria ilipoingia 1891, mabwana hawa waliona wametukanwa: yaani muungwana amchezee mwenzake rafu kwa makusudi? Husimuliwa kwamba wakipewa penalti walipiga nje kusudi, na wakipigiwa, golikipa wao alijiegemeza kwenye nguzo ya goli, mpinzani afunge kwa raha zake. Watu wakisikia hivyo hupiga makofi. Uungwana huo! Mimi nauliza: nani pale alikuwa anasubiri posho ya ushindi? Hawa ni watu wa shule za ada kubwa, wa Oxford na Cambridge. Mtu wa kiwanda cha nguo kule Lancashire akikosa zamu kwa ajili ya mechi, ujira umekatwa; akivunjika mguu, nyumbani hapaliki. Ndiyo maana vilabu vya kaskazini vilishikilia wachezaji walipwe, hadi FA ikasalimu amri 1885. Kuidharau penalti ni rahisi ukiwa umeshiba.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, si walicheza kwa mapenzi?" Walicheza kwa mapenzi, nani kabisha? Hata mpiga debe wa stendi anaupenda mpira, ila nani atampa likizo ya kwenda na meli kucheza Afrika Kusini, kama wao walivyokwenda 1897?

Mwaka 1910 wakazuru Brazil. Vibarua na watu wa reli wa São Paulo wakawaona, wakaanzisha klabu yao Septemba hiyohiyo, wakachukua na jina. Mabwana walikataa kombe. Wafanyakazi wamelitumia jina lao kubebea makombe, hadi la dunia la vilabu 2012, wakimfunga Chelsea.

Yaliyobaki nayakimbiza. Kombe la FA waliingia hatimaye msimu wa 1922/23, wenye kulipwa wakiwa wameshawaacha mbali. Mwaka 1939 wakaungana na Casuals, klabu nyingine ya ridhaa. Corinthian-Casuals wapo mpaka leo, Tolworth huko London, ligi za chini, na hawalipi mchezaji. Mwaka 1988 walikwenda Brazil kucheza na wenye jina lao wa São Paulo. Sócrates, nyota wa Brazil, akawafunga bao pekee, kisha akavaa jezi yao akamalizia mechi upande wao. Walialikwa tena 2015, wakalala 3-0. Hao ndio wa ridhaa ninaowapigia makofi mimi, watu wa kuomba ruhusa kazini.

Nilitaka pia kuwaeleza Bishop Auckland, waliobeba Kombe la FA la timu za ridhaa mara 10, lakini muda wao umeliwa na penalti.