David Marr na kidole mbele ya pua

Haya jamani, kabla sijaanza, kila mtu anyooshe kidole kimoja mbele ya pua. Fumba jicho la kushoto, fumbua, fumba la kulia. Si mnaona kidole kinaruka? Kila jicho linaleta picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, halafu ubongo unazilinganisha, unajua kidole kiko karibu, ukuta uko mbali, na wala hujatoka jasho. Tutakirudia.

Sasa huyu David Marr, mzaliwa wa Uingereza, 1945, alisoma hesabu Cambridge halafu akahamia kwenye ubongo. Mwaka 1969, kijana tu, akatoa nadharia ya serebelamu, kile kipande cha kisogoni kinachofanya ukishika kikombe mkono usiyumbe. Mle kuna seli za Purkinje, kila moja inapokea habari kwa nyuzi nyembamba kama laki mbili hivi, lakini kuna uzi mmoja mnene unaoizunguka kama mmea wa kutambaa, Marr akasema huo ndo mwalimu, ukipiga kelele wenyewe basi nyuzi zilizokuwa zinaongea muda uleule zinaongezewa nguvu. Injinia wa NASA, James Albus, 1971 akasema hapana, zinapunguziwa, na Masao Ito wa Japani alipokuja kupima maabara akakuta kweli zinapungua. Yaani Marr aliweka kujumlisha penye kutoa! Ila wazo la mwalimu lilisimama, mi hapo namvulia kofia.

Mwingine angekaa hapohapo ale jina lake. Yeye 1973 akaenda Marekani, chuo cha MIT, maabara ya akili bandia, maana alishaona kwamba unaweza kujua kila waya umeunganishwa wapi na bado usijue kazi yenyewe ni ipi. Chukua mashine ya keshia, ifungue, hesabu gia zote, hazikuambii kwa nini inajumlisha na sio kuzidisha. Kwanza uliza inafanya kazi gani na kwa nini iwe hiyo, pili kwa hatua zipi, ndo uje kwenye gia, au seli.

Turudi kwenye kidole. Mwaka 1976 yeye na Tomaso Poggio waliipa kompyuta picha mbili za vidoti vilivyomwagwa ovyo, moja kama ya jicho la kushoto na moja ya kulia, ukiangalia moja peke yake huoni kitu. Kazi ni kujua kidoti hiki cha kushoto ni kipi kule kulia, na vyote vimefanana! Wakaweka masharti mawili tu: kidoti kimoja kina mwenzake mmoja, na uso wa kitu kwa kawaida haurukiruki, vidoti jirani viko umbali unaokaribiana. Hesabu ikazunguka mara kadhaa, majirani wanasaidiana, wapinzani wanazimana, hadi umbo likaibuka.

Halafu ikaja leukemia, saratani ya damu. Kwenye dibaji ya kitabu chake cha uonaji alisema tu kwamba kuna mambo yalitokea Desemba 1977 yakamlazimu akiandike miaka kadhaa mapema kuliko alivyopanga. Alifariki Novemba 1980, ana miaka 35. Kitabu kikatoka 1982.