Saini ya Profesa Gurnah kwenye kitabu cha pauni 2

Assalaam alaykum ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Leo nimekaa mbele ya kamera kwa ajili ya kaka mmoja wa Tanga. Ameniandikia kwamba ndani ya sanduku la marehemu babu yake kakuta kitabu cha zamani, mwandishi mwenyewe kakitia saini, na kuna mtu anampa elfu ishirini taslimu. Achukue? Kaka yangu, subiri kidogo. Nikuhadithie yaliyonikuta mimi.

Mnajua naishi Kent, Uingereza, karibu na Canterbury. Kuna duka la hisani hapa, watu wanaleta vitu vyao bure, vinauzwa, fedha zinasaidia wagonjwa. Jumamosi moja napekua rafu ya chini kabisa, macho yakatua kwenye jina: Abdulrazak Gurnah. Mwana wa Unguja! Kitabu ni riwaya yake, Paradise. Nikakifungua pale pale nimechutama, na kwenye ukurasa wa jina la kitabu nikaiona saini, wino wa buluu. Nikalipa pauni 2, mikono inatetemeka.

Profesa amefundisha Chuo Kikuu cha Kent miaka mingi mpaka akastaafu, kwa hiyo saini yake kuonekana mji huu si ajabu. Lakini huo si ushahidi. Tangu apate Nobel ya Fasihi, Oktoba 2021, vitabu vyake vya mwanzo vinatafutwa sana, na penye fedha waigaji wa saini hawakosi.

Nilianza na kitabu chenyewe. Paradise kilitolewa na Hamish Hamilton mwaka 1994, na mwaka huo huo kikaingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya huku Uingereza. Geuza ukurasa wa jina, nyuma yake pana maelezo ya hatimiliki, na chini mara nyingi pana mstari wa tarakimu. Kama 1 bado imo, kwa kawaida hiyo ni chapa ya kwanza. Kwangu imo.

Sasa saini. Mnakijua kile kilenzi ambacho mafundi saa wanakibana jichoni? Nilinunua kinachokuza mara 10. Saini iliyochapwa na mashine utaiona ina vitone vitone, au wino umelala sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ya mkono unaona kalamu ilipokanyaga, ilipokaza, ilipopita haraka, na wino ulivyonywewa na karatasi. Mwigaji huchora. Anakwenda polepole, mstari unatetemeka, na katikati ya herufi kalamu inasimama kufikiri. Yangu ilikuwa imeteleza kwa mkupuo mmoja, bila kusimama. Nikailinganisha na saini zake nyingine kadhaa, za miaka mbalimbali, maana mkono wa mtu hubadilika na umri.

Na jina lenyewe mlitazame. Weep Not, Child ya 1964 ilitoka kwa jina la James Ngugi, jina la zamani la mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o. Ukikuta nakala ya mwaka ule imesainiwa Ngũgĩ wa Thiong'o, inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila ilitiwa saini miaka mingi baadaye. Mtu akikuapia kwamba ni saini ya siku ile ile kitabu kilipotoka, muage.

Vyeti vya uhalisi visiwapumbaze. Cheti kina thamani ya mtu aliyekiandika, basi. Karatasi hata mimi naweza kuichapa.

Muuza vitabu wa kwanza niliyemwendea hakukifungua hata. Akasema feki, nakupa pauni 20. Jamani, kama ni feki, ishirini ya nini? Niliumia, nikakifunga kwenye kanga nikarudi nacho nyumbani.

Wa pili ni mwanachama wa ABA, chama cha wauza vitabu adimu kilichoanzishwa 1906. Alikaa nacho nusu saa nzima. Ndani mlikuwa na risiti kuukuu, maandishi yamefifia ila Canterbury na 1994 yanasomeka, na mimi nilikaribia kuitupa! Risiti haithibitishi saini, lakini inaonyesha kitabu kilikotoka, na aliifurahia kuliko nilivyotarajia. Akanionyesha na kasoro: uti wa jaketi, ile karatasi inayofunika jalada, umepauka kwa jua, na pembe yenye bei imekatwa, kama wafanyavyo Waingereza wakitoa kitabu zawadi. Jaketi hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya bei. Akanipa pauni 300. Najua ataweka bei ya juu zaidi, lakini yeye ana kodi ya duka, na jina lake ndilo dhamana. Mnadani nako wanakata kamisheni yao. Mtandaoni msitazame bei wanazotaka watu, tazameni zilizokwisha kuuzwa.

Niliuza. Rafuni nimebaki na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, na hiyo haiuzwi.

Sasa kaka wa Tanga. Usikiguse na gundi wala selotepu. Jina la babu usilifute, hata kama ni la penseli. Kung'uta kurasa taratibu juu ya shuka jeupe, chochote kitakachodondoka kiweke. Kisha nipigie picha jalada, ukurasa wa hatimiliki na saini, mchana, karibu na dirisha. Na yule wa elfu ishirini mwambie babu bado hajaruhusu.