Masika si wakati wa kutundika baskeli

Assalam aleikum, na habari za jioni wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mulioegesha baskeli hapo nje. Nimeambiwa nina nusu saa, nitajitahidi.

Mwaona joto la siku hizi. Hili ndilo joto la Machi, kaskazi, ule upepo wa kaskazini, imechoka, upepo umekufa, jasho halikauki mwilini, ukitoka Mikindani na baskeli mpaka ufike Makupa shati ni la kukamua. Wazee wa baharini wakati huu wauita maleleji, pepo hazijaamua, leo zatoka huku kesho kule, halafu kusi, upepo wa kusini, yaingia na masika nayo yaja pamoja nayo. Na kila mwaka ni yale yale, wiki ya kwanza ya mvua baskeli zatundikwa. Ukutani, juu ya dari, nyuma ya kabati, mpaka Juni huko. Mtu aliyekuwa afika kazini kwa dakika 40 bila kulipa hata shilingi sasa yuko steji amelowa, nauli imepanda maana mvua ikinyesha nauli yapanda hilo mwalijua, na akilipata hilo gari lenyewe lamkalisha kwenye jam pale Changamwe saa nzima. Mimi hili laniuma. Nimeendesha baskeli masika 19 hapa Mombasa na nilichokuja kuwaambia ni kwamba kinachotushinda si mvua, kinachotushinda ni kuendesha masika kwa saa zile zile na njia zile zile tulizozizoea kaskazi.

Kule Ulaya nao hivi sasa ndio watoka kwenye baridi, na mashindano yao makubwa ya baskeli ndio yaanza, na hali ya hewa huwafanyia mambo ambayo sisi hatuyajui. Mwaka 1980 kule Ubelgiji kulikuwa na mashindano ya Liège–Bastogne–Liège, mwezi wa Aprili, theluji ikaanguka sana. Waliondoka waendeshaji 174, waliomaliza ni 21 tu. Mfaransa Bernard Hinault alishinda, aliwaacha wenzake zaidi ya dakika tisa, lakini baridi ile iliingia kwenye vidole vyake na havikurudi sawa tena. Watu hukisifu sana kisa hiki na kweli alikuwa simba. Lakini mimi kisa nnachokipenda zaidi ni cha Machi 2013, Italia, Milan–San Remo, theluji ilipozidi waandalizi waliwasimamisha wale waendeshaji, mabingwa wa dunia wale, wakawapandisha kwenye mabasi wakavuka kile kipande kibaya, wakateremka mbele wakaendelea na mashindano. Hakuna aliyesema wale si wanaume. Sasa wewe wa Mshomoroni ukiona Kongowea imejaa maji kwani lazima upite Kongowea?

Haya tuje kwetu. Masika ya pwani yana tabia yake, ukiijua yakuachia nafasi. Mwezi mzito kabisa kwa Mombasa ni Mei, si Aprili kama wengi wanavyodhani, kwa hivyo ukiona Aprili imepita salama usilegeze. Na mvua yetu mara nyingi hupenda usiku kwenda alfajiri, yapiga saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, mpaka jua likipanda yapungua, mchana waweza kupata saa nne au tano kavu kabisa. Si kila siku, zipo siku yanyesha tangu asubuhi mpaka magharibi, hizo ndizo siku za kupanda matatu na nauli yake, lakini ukizihesabu ni chache kuliko unavyokumbuka, maana siku mbaya hukaa kichwani.

Tumefunzwa tangu shule dalili ya mvua ni mawingu. Mimi kwa mtu wa baskeli namwambia mawingu peke yake hayatoshi, masika yote kuna mawingu, ukiyangoja yaondoke hutatoka nyumbani. Sikiliza upepo. Ukiwa waendesha na kusi yakusukuma vizuri, mara upepo wote wakatika, kimya, joto lapanda, halafu ghafla waja upepo wa baridi kutoka upande mwengine kabisa, basi mvua kubwa iko karibu. Ule ubaridi ni hewa inayoanguka na mvua kutoka juu, ikigonga chini yatawanyika mbele ya mvua yenyewe. Una dakika chache hapo. Usizitumie kukimbiza, zitumie kutafuta kibaraza. Na kama kuna radi hesabu, ukiona umeme anza moja, mbili, tatu, ngurumo ikifika kabla hujamaliza 30 ingia ndani ya jengo au ndani ya gari, si chini ya mwembe, si chini ya mnazi jamani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kuna watu waniambia tairi ni za mpira zazuia umeme, hapana, mpira mwembamba ule hauzuii kitu. Juu ya daraja la Nyali wewe uko wazi kabisa, huna pa kujificha.

Sasa hili nnalotaka mulishike ni la bahari. Nyinyi nyote hapa mwaishi kisiwani au kando ya maji, na naona hatuuweki mwezi kwenye hesabu zetu. Mitaro ya mji huu yateremka baharini. Maji ya bahari yakiwa yametoka, mtaro wamwaga vizuri, mvua ya saa moja yaisha barabarani mapema tu. Maji yakiwa yamejaa, na hasa siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, mdomo wa mtaro uko chini ya bahari, maji ya mvua hayana pa kwenda, yasimama barabarani pale pale. Mvua ile ile, mtaa ule ule, leo umepita na viatu vikavu kesho waogelea. Nlikaa miaka mingi sielewi kwa nini, mpaka mvuvi mmoja mzee, jirani yetu, akaniambia mwanangu angalia tarehe ya mwezi.

Bamvua yaja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada yake. Kwetu hapa siku hizo maji hujaa kama saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hutoka kabisa kama saa nne, saa tano. Tafauti ya kujaa na kutoka siku hizo yapita mita tatu, karibu kimo cha watu wawili. Sasa weka pamoja, mvua ya alfajiri na bahari iliyojaa alfajiri. Ndio maana kuna asubuhi za masika mji wote wasimama. Siku kama hiyo ukiweza kuzungumza na bosi wako uingie saa tatu badala ya saa moja utakuta barabara yajimwaga yenyewe, na jioni toka mapema au ngoja baada ya isha, usitoke saa kumi na moja mvua yapiga na bahari imejaa. Halafu kila siku saa ya kujaa yasonga mbele kama dakika 50, ukifika wiki yawa maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana, hizo ndizo siku zangu za safari ndefu, hata mvua ikinyesha maji hayakai. Sisi tunaofuata tarehe za Kiislamu hii ni rahisi, mwezi mosi na kumi na nne, kumi na tano, unazo tayari kichwani. Na wale wa Likoni, siku za bamvua maji yakitoka ile miteremko ya kushukia feri yawa mirefu na chini ina utelezi wa mwani, shika breki zote mbili, teremka ukisukuma, kaa upande usio na watu.

Mtu ataniuliza, na kimbunga je? Sisi tuko kama digrii nne tu kusini ya ikweta, na vimbunga vyahitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili vizunguke, nguvu hiyo karibu na ikweta ni dhaifu, ndio maana havitufikii sana. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka upande wa Mafia, Tanzania, kwa hivyo tusijitie usingizi, na mwaka ule ule mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini mwetu. Idara ya hali ya hewa ikitoa onyo la upepo mkali mimi siku hiyo baskeli haitoki. Sina mjadala hapo.

Nataka niwaeleze nlivyoumia. Miaka kadhaa nyuma, asubuhi ya Mei, mvua imekatika, barabara karibu na kwetu imejaa maji lakini si mengi kwa kuangalia, kifundo cha mguu hivi, na mimi ile njia naijua naipita kila siku. Nkaingia taratibu. Mfuniko wa mtaro haukuwapo. Tairi la mbele likazama lote mimi nkaenda juu ya usukani, nkavunjika mfupa wa bega, na jeraha la goti likaoza wiki tatu kwa sababu maji yale yamechanganyika na vyoo. Nlilala kitandani nafikiri, yule mtoto wa shule apitaye hapo nyuma yangu kila siku na baskeli yake ndogo, angekuwa yeye. Yule mtoto kila masika namfikiria.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja, maji ambayo huoni chini yake, teremka. Sukuma, tangulia na fimbo au na pampu yako upapase mbele, au zunguka. Na yakiwa yanakwenda mbio usiingie kabisa hata kwa miguu, maji ya kina cha sentimita 15 tu yanayokimbia yamwangusha mtu mzima. Ukishakanyaga maji hayo ukifika oga na sabuni, na kama una kidonda kifunge kabla hujatoka nyumbani.

Upande wa chombo chenyewe. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, barabara ya Changamwe na ile ya kuteremka Kilindini matrela yamemwaga mafuta miezi mitatu, tone la kwanza layainua yote juu, lami yawa kama sinia lililopakwa samli. Dakika 20 za mwanzo kaa kando. Punguza upepo kidogo kwenye tairi, usikunje kona kwa ghafla, jihadhari na mistari ya rangi na vyuma vya mitaro. Breki za raba kwenye rimu lililolowa hazishiki mara moja, gurudumu lazima lizunguke mara kadhaa ndio lijifute, kwa hivyo anza kugusa breki mapema, gusa gusa ikauke, halafu ndio ushike. Raba zikiwa zimekwisha badilisha kabla ya Aprili, usingoje. Madigadi pia, watu huyavua eti baskeli ionekane ya mbio, masika yarudishe, maji ya matope machoni ni hatari. Na taa, mvua ikifunga saa kumi na mbili ya jioni dereva wa trela hakuoni, taa nyekundu nyuma ni lazima. Mwavuli mkono mmoja na usukani mkono mmoja, hapana, tafadhali.

Simu zamani tulikuwa tunaifunga kwenye karatasi ya nailoni, tangu 2017 mifuko ile imepigwa marufuku na ni sawa kabisa maana ndiyo ilikuwa inaziba mitaro hiyo hiyo. Chukua kopo la siagi lenye kifuniko cha kukaza, simu ndani, kitambulisho ndani, keria nyuma, unafunga na mpira wa tubu la zamani. Na mama zangu munaoendesha, na mko wengi siku hizi alhamdulillahi, dera likilowa lawa zito na lavutwa na cheni, kata pete mbili za tubu hilo hilo ujifunge mguuni juu ya kifundo, buibui halikadhalika. Dada mmoja wa Bombolulu ndiye aliyenifunza hilo.

La mwisho chumvi. Upepo wa kusi watuletea chumvi mpaka ndani ya nyumba, ukichanganya na matope ya mvua cheni yako yala kutu siku mbili tu. Wengi wapaka grisi nzito ya lori wakidhani wailinda, grisi ile yanasa mchanga, mchanga wasaga cheni kama msasa. Maji matamu, kitambaa, ikauke, halafu mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila kiungo, upanguse yanayobaki nje. Dakika kumi kila ukirudi. Haya, kijana wa hapo mbele, nenda niletee hiyo baskeli yako na ile beseni pale mlangoni, ipindue hapa magurudumu juu, sogeeni muone, kwanza twaanza na cheni.