Nahau za Kiingereza Zilizozaliwa Baharini

Walimu wenzangu, na ninyi vijana wetu mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza, asanteni sana.

Tunapofundisha nahau za Kiingereza tunatoa orodha: nahau upande huu, maana upande ule, kariri. Njia hiyo naipinga. Nahau huzaliwa na kazi, na nahau nyingi za Kiingereza zilizaliwa na kazi ya mabaharia wa meli za matanga. Mtu wa pwani yetu, aliyekulia penye majahazi, anaweza kuzielewa upesi.

Chukueni "three sheets to the wind". Maana yake ni kulewa chakari. Mwanafunzi akifungua kamusi anakuta "sheet" ni shuka, na hapo anapotea. Kwa baharia, "sheet" ni kamba inayozuia pembe ya chini ya tanga; manahodha wetu huiita demani. Demani ikifyatuka, tanga linapigapiga ovyo na chombo kinapoteza nguvu. Zikifyatuka tatu, meli inakwenda upande kama mlevi. Kitabu kiitwacho "Real Life in London", cha mwaka 1821, kiliutumia usemi huo kwa mlevi.

Na sisi je? Tunasema mambo yamekwenda mrama. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Mtu wa Dodoma ambaye hajapata kupanda jahazi husema hivyo bila wasiwasi wowote, na wenzake wanamwelewa.

"By and large", yaani kwa jumla, ni ya ukoo huohuo. Kwenda "by" ni kuukabili upepo kwa karibu, kwenda joshi. Kwenda "large" ni kuwa na upepo unaotoka nyuma. Chombo kizuri hufaa kwa hali zote mbili. Samuel Sturmy aliyaandika maneno hayo pamoja katika kitabu chake cha ubaharia cha 1669. "Taken aback" nayo: upepo unageuka ghafla, unalibandika tanga kwenye mlingoti, meli inasimama. Ndiyo maana leo ni kupigwa na butwaa.

Lakini tahadhari, si kila hadithi tamu ni ya kweli. Mwaka 1999 ilisambaa barua pepe ikidai kwamba "raining cats and dogs", mvua kubwa, ilitokana na paka na mbwa wa karne ya 16 waliolala juu ya mapaa ya nyasi, wakateleza mvua iliponyesha. Jamani, ni mbwa gani anayekimbilia juu ya paa mvua ikianza? Huko ndiko anakolowa kwanza! Mwandishi Jonathan Swift ameutumia usemi huo katika maandishi yaliyochapishwa 1738, na hakuna mbwa wa paani ndani yake. Anayewaletea asili ya nahau mwulizeni kwanza: imeandikwa wapi, mwaka gani?

Swali hilo linatufikisha kwenye nahau ninayoipenda kuliko zote, "the bitter end", mwisho kabisa wa jambo. Kapteni John Smith, yule Mwingereza wa koloni la Virginia huko Amerika, alieleza mwaka 1627 kwamba amari, yaani kamba nene ya nanga, huzungushwa kwenye vigogo imara vya sitahani viitwavyo "bitts", na kipande kinachobaki chomboni ndicho "bitter's end". Ukishatoa amari mpaka hapo, huna kamba nyingine ya kutoa. Wengine wanasema hapana, "bitter" hapa ni neno la kawaida tu, lenye maana ya chungu, na wanaonyesha Mithali 5:4, penye mwisho mchungu kama pakanga, katika Biblia ya Kiingereza ya 1611. Mimi nauona mkono wa mabaharia hapa, kwa sababu nahau hii husemwa kuhusu mtu anayeshikilia jambo mpaka hana tena pa kwenda, na hilo ni jambo la kamba. Lakini aliyeisikia Mithali kanisani hakuweza kuyasema maneno hayo bila kuonja pakanga, na naamini uchungu huo ndio ulioisaidia nahau kudumu nchi kavu.

Karibuni maswali.