Alhamdulillah ni namba ngapi?

SALMA: Assalaam alaykum jamani, tumerudi, na Khatib karudi jana na boti ya Pemba, sauti ndio hiyo imemkauka mtaisikia wenyewe. Leo tumepanga masomo matatu ya kutengeneza databezi ya dodoso, nimeyaandika hapa. Haya Khatib, kwema huko?

KHATIB: Alhamdulillah.

SALMA: Mh! Anza na hiyo hiyo.

KHATIB: Ntafika. Nilikuwa Micheweni wiki nzima, dodoso la maji, maswali kumi, kila moja 1 mpaka 5, sikubali kabisa mpaka nakubali sana, alama ya juu 50. Siku ya tatu usiku nafungua Eksel niliyokabidhiwa, kaya moja ina alama 131. Kwenye 50! Nimekaa nayo mpaka saa saba usiku.

SALMA: "Sijui" hiyo.

KHATIB: Ndio hiyo. Aliyeitengeneza kaweka sijui ni 99, jumla ikaibeba kama alama, maswali tisa yana 32, ongeza 99. Lakini hiyo 131 angalau inajionesha. Mhoji mwengine kazoea sijui kuiandika 9, basi 32 na 9 ni 41, na kaya ya 41 inaonekana wameridhika na maji yao, nani ataistukia? Hiyo ndio imeninyima usingizi.

SALMA: Somo la kwanza hilo, jibu kitu kimoja, alama kitu chengine.

KHATIB: Na ile Eksel ina safu moja kwa kila swali, siku ya pili wameongeza swali katikati, la 6 likawa la 7, majibu ya jana yamebaki pale pale. Nimeivunja yote. Sasa nina jedwali la kaya, la maswali, la machaguo, halafu la majibu, na huko kila jibu lina mstari wake: kaya ipi, swali lipi, kachagua nini. Alama haikai kwenye majibu, inakaa kwenye machaguo. Sijui nayo ni chaguo, ila pahala pa alama napawacha tupu, na tupu sio sifuri.

SALMA: Na yale maswali ya kinyume?

KHATIB: "Maji hukatika mara kwa mara", anayekubali sana hapo ana shida, 5 yake iwe 1. Kwa vile alama iko kwenye machaguo ya swali lenyewe nageuza pale mara moja tu, alichosema mtu sikigusi.

SALMA: Subiri lakini, ukijumlisha, aliyejibu saba si atakuwa chini ya aliyejibu kumi? SQL, ile lugha ya kuiuliza databezi, inaziruka tupu.

KHATIB: Ndio maana sichukui jumla, nachukua wastani, na kaya iliyojibu chini ya maswali manane haipewi alama. Hiyo nane tumeikata kabla hatujaona majibu, tukisubiri baada ya kuyaona tutachagua inayotupendeza.

SALMA: Hapo nakubali. Haya, Alhamdulillah.

KHATIB: Bibi mmoja, ndoo tatu mlangoni, zote kavu. Mhoji anamsomea, "Naridhika na maji ninayopata, unakubali kiasi gani?" Bibi anasema Alhamdulillah mwanangu. Mhoji kaandika 5. Nyumba ya pili mzee kajibu vile vile, mhoji mwengine kaandika 3. Neno moja, namba mbili!

SALMA: Kwa sababu ile sio jibu Khatib, ile ni adabu. Kwetu ukimuuliza mtu habari atakwambia nzuri, mume hajambo, watoto hawajambo, halafu ndio atakwambia mdogo ana homa siku ya nne. Yule Likert aliyebuni kipimo hiki cha 1 mpaka 5, mwaka 1932 alikuwa akiwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani, wamezoea karatasi. Bibi yetu amekaa barazani na mgeni, ataanzaje kulalamika?

KHATIB: Basi ndio nimeongeza chaguo, "Alhamdulillah", alama tupu. Kilichosemwa kiandikwe kama kilivyosemwa.

SALMA: Hapana. Hapo hapana.

KHATIB: Kwa nini?

SALMA: Ukiliweka tu hilo chaguo, mhoji aliyechoka na jua la saa saba atalibonyeza nyumba zote. Mimi databezi yangu inalikataa. Arudi aulize tena, bibi maji yametoka siku ngapi wiki hii? Atasema mbili. Hiyo ni namba.

KHATIB: Hiyo ni namba ya swali jengine. Ukimlazimisha mhoji alete 1 mpaka 5, ile 5 ni ya mhoji, sio ya bibi, na mie baadae sina pa kuijua.

SALMA: Na ukiwacha tupu wanaopotea ni nani? Ni wale wale wa ndoo kavu! Vijana watalalamika wapate 1 zao, wazee wenye subira wanatoka kwenye wastani, shehia nzima inaonekana imejibiwa na vijana.

KHATIB: Sasa mimi nataka iripotiwe, shehia hii watu kadhaa wamesema Alhamdulillah, ikae pembeni ya wastani.

SALMA: Nani anasoma cha pembeni? Ofisini wanasoma namba moja.

KHATIB: Hilo kosa la msomaji, siwezi kulitengeneza kwa kumtia bibi maneno mdomoni.

SALMA: Simtii maneno, nampa nafasi ya pili ya kusema! Wallahi Khatib, bibi yangu mie wa Wete angekufa na kiu akisema Alhamdulillah.

KHATIB: Na wangu vile vile. Ndio nataka neno lake libaki.

SALMA: ... Hatutofika leo. Na muda umekwisha, magharibi hiyo inaadhiniwa. Somo la pili na la tatu nayakunja.

KHATIB: La kuweka majina ya watu mbali na majibu yao hata hatujaligusa, na lile...

SALMA: Wiki ijayo inshaallah. Ila hilo chaguo lako mie nikikaa kwenye kompyuta nalifuta.

KHATIB: Hutolifuta.

SALMA: Twende tukaswali.