Utumbo, Ngozi na Daftari la Vyakula Vilivyokatazwa

Asanteni sana. Mwenyekiti amenisifu kuliko ninavyostahili, kisha akaninong'oneza kwamba nina nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Mmeniomba nizungumzie utumbo, ngozi na aleji. Kwamba vitu hivi vinahusiana, sibishi. Madaktari wawili wa ngozi wa Marekani, Stokes na Pillsbury, waliandika kuhusu hisia, bakteria wa utumboni na ngozi tangu mwaka 1930, kwa hiyo anayewauzia habari hizi kama ugunduzi wa juzi anawauzia nyingine pia. Ninachogombana nacho, na baadhi yenu mmenisikia nikigombana hadi sauti ikakauka, ni pale mtu anaposikia "ngozi huanzia tumboni", anarudi nyumbani, na kazi ya kwanza anayofanya ni kumnyima mtoto chakula.

Niwape picha moja. Mama anaingia, kambeba mtoto wa miaka miwili mwenye pumu ya ngozi, yaani ekzema. Mikunjo ya viwiko imekwaruzwa hadi inatoa maji, shingo imekuwa nyeusi na ngumu kwa kujikuna. Kabla hajaketi anatoa daftari. Ameandika vizuri, kwa mistari: maziwa, kakata. Mayai, kakata. Samaki, ngano, karanga, machungwa, vyote vimekatwa kwa kalamu nyekundu. Namuuliza, "Mama, na ile dawa ya kupaka?" Anaitoa mkobani. Tyubu ina miezi miwili na imebonyea kidogo tu pale shingoni. Anasema, "Niliogopa, daktari, niliambiwa ni kali." Mafuta ya kulainisha je? Kikopo cha gramu 50, nusu bado imo. Mtoto kama yule anahitaji gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki moja! Chakula kimeondolewa aina sita, na ngozi yenyewe hakuna aliyeigusa. Nikampandisha mtoto kwenye mizani. Sitaki kuwaambia alikuwa na kilo ngapi.

Sasa simcheki mama yule, kwa sababu mwalimu wake nilikuwa mimi. Mimi na wenzangu wa rika langu. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba mtoto mwenye hatari ya aleji asionje karanga mpaka afike miaka mitatu. Uingereza nao walikuwa na onyo lao la namna hiyo tangu 1998. Tuliliamini. Nimeliandika kwenye kadi za watoto kwa mkono huu huu, tena nikapiga mstari chini yake. Na aleji ya karanga ikazidi kupanda.

Aliyetutoa usingizini ni Gideon Lack, daktari wa aleji wa London. Alikwenda Israel kutoa mhadhara mbele ya madaktari wa aleji wapatao mia mbili, akawauliza ni wangapi wameona mtoto mwenye aleji ya karanga mwaka ule. Kwao Uingereza ukumbi mzima ungeinua mkono. Pale iliinuliwa miwili, mitatu. Akarudi na swali lake, na mwaka 2008 yeye na wenzake wakachapisha hesabu: watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na aleji hiyo mara kumi hivi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israel. Wa Israel walikuwa wakilishwa vitafunio vya karanga tangu uchangani. Wa Uingereza walikuwa wanalindwa.

Najua kuna mtu anasema moyoni, hiyo si ushahidi, huenda ni jua, huenda ni hewa. Sawa kabisa, na Lack naye alilijua hilo. Ndiyo maana wakachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu ya ngozi kali, au aleji ya mayai, au vyote viwili. Yaani walio hatarini kuliko wote, wale ambao mimi ningewaandikia kadi. Waliokwisha kuonyesha mzio mkubwa kwenye kipimo cha ngozi waliachwa nje. Waliobaki wakagawanywa kwa kura: hawa wale karanga kila wiki, hawa wasiguse, mpaka miaka mitano. Matokeo yalitoka 2015. Waliokatazwa, asilimia 17.2 walikuwa na aleji ya karanga. Waliokula, asilimia 3.2. Niliposoma nilikumbuka zile kadi, na mistari niliyopiga chini.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa ndipo utumbo unapoingia. Kwenye kuta za utumbo kuna sehemu kubwa ya askari wa kinga ya mwili, na kazi yao kubwa si kupigana, ni kuvumilia. Kila siku wanapokea protini za kigeni, na wanajifunza kuziacha zipite. Chakula kinachopitia mdomoni ni mgeni aliyebisha hodi. Lakini ngozi iliyopasuka ni dirisha lililovunjika, na anayeingilia dirishani hapokelewi kwa chai. Protini ya karanga imo hata kwenye vumbi la nyumba ambamo karanga huliwa. Mtoto mwenye ngozi iliyopasuka anakutana nayo kwa njia hiyo, na mwili unatengeneza kingamwili za kupambana nayo. Mwaka 2003 watafiti walikuta watoto waliopakwa krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi yenye uvimbe walikuwa katika hatari zaidi. Kwa hiyo mnapomnyima mtoto chakula huku ngozi iko wazi, mmefunga mlango na kuacha dirisha.

Na kuna kubaya zaidi. Baadhi ya watoto waliokuwa wakinywa maziwa bila shida ya papo hapo, wakaondolewa ili ngozi itulie, waliporudishiwa walipata aleji ya kweli: midomo kuvimba, kutapika, kukosa pumzi. Uvumilivu ule ulikuwa umepotea.

"Lakini daktari, wangu akila yai anavimba papo hapo!" Huyo simsemi. Dalili zikija ndani ya dakika chache hadi saa mbili, hiyo ni aleji, mwachishe yai na njoo tumpime. Wala msimwanzishie karanga nyumbani mtoto mwenye pumu ya ngozi kali kabla ya kumwona daktari. Na zisagwe. Karanga nzima humpalia mtoto mdogo.

Naonyeshwa saa. Basi tukimbie.

Vipimo vya damu vya "vyakula mia" vinavyopima IgG, aina moja ya kingamwili: vinaonyesha ulichokula, basi. Jumuiya ya Ulaya ya aleji ilisema tangu 2008 visitumike. Probiotiki, wale bakteria hai wa kumeza: uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, ulikuta hazileti tofauti ya maana kwa pumu ya ngozi. Nyuzinyuzi: bakteria wa utumbo mpana huzichachusha, zinatoka asidi ambazo kwa panya huongeza seli za kutuliza kinga. Kwa panya, nimesema. Kuleni nyuzinyuzi kwa sababu nyingine. Chunusi: vyakula vinavyopandisha sukari upesi vinachangia kwa baadhi ya watu, utafiti wa Australia wa 2007 kwa vijana wa kiume ulionyesha hivyo. Nilikuwa na slaidi nne, tuziache.

Moja siwezi kuiacha, maana mtasema nataka chakula kisihusishwe kabisa. Kuna malengelenge madogo yanayowasha vibaya sana viwikoni, magotini na makalioni, ya watu ambao utumbo wao haupatani na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano. Huyo ngano anaiacha maisha, na ngozi inapona. Tofauti ni kwamba kwake tulikata kipande cha ngozi, tukapima, tukaona. Hatukuchukua kalamu nyekundu.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma, mkono uko juu tangu nilipotaja maziwa.