Rosela: Kuupika Ugwadu Bila Kuuharibu

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo.

Nimefundisha sayansi kimu hapa Dodoma miaka mingi, na nimefurahi mno kuombwa nizungumzie chai ya rosela, ile ambayo wengi wetu tunaiita choya. Nina jambo moja la kuwaambia. Thamani ya rosela ni ugwadu wake, na jikoni tunautendea vibaya ugwadu huo. Tunauchemsha mpaka unageuka ukakasi, tunauzika kwenye sukari, kisha tunampelekea mgonjwa tukimwambia hiyo ni damu.

Mmea wenyewe mnaujua. Ni ndugu wa bamia na pamba, na ukilitazama ua lake utauona undugu huo mara moja. Tunachokunywa si petali za ua. Petali hunyauka na kuanguka upesi, kisha kile kikombe chekundu kilicholishika ua hunenepa na kulifunika tunda lenye mbegu. Wiki mbili tatu baadaye ndipo kinapochumwa. Mbegu hutolewa, vikombe vikaanikwa. Kilo 10 mbichi hukupa kilo 1 hivi iliyokauka, kwa hiyo mama anayeuza rosela safi kwa bei ya juu kidogo msimbishie sana. Kazi ni kubwa.

Sokoni nunua vikombe vizima, usinunue unga. Unga hujui umechanganywa na nini. Kizuri kina wekundu wa kukolea na kinapinda kidogo kabla ya kuvunjika. Ukinusa ukapata harufu ya uvundo, kiache, maana kiliwekwa kabla hakijakauka. Ukikikuta na mchanga, ujue kilianikwa chini badala ya kwenye wavu au mkeka ulioinuliwa.

Sasa sufuria. Chai ya rosela ina asidi nyingi, haiko mbali na maji ya limau, na asidi hula alumini. Zile sufuria nyepesi za alumini tunazopikia ugali zisiguse rosela, wala msiilaze humo usiku kucha. Tumieni stili, au ile ya enameli ambayo haijabanduka. Kama huna, chemsha maji kwenye sufuria yoyote, kisha yamimine kwenye bakuli la kioo au la kauri lenye rosela. Chai yenyewe haihitaji moto zaidi ya hapo.

Na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kwa lita moja ya maji chukua gramu 10 za rosela, yaani konzi moja ndogo. Isuuze haraka kwa maji baridi kuondoa vumbi, usiiloweke ukayamwaga maji yake. Kama unataka tangawizi, iliki au kijiti cha mdalasini, hivyo vitangulie, vichemke dakika kumi, kwa sababu viungo vigumu vinahitaji moto. Kisha ipua. Nasema ipua! Moto ukishazimwa ndipo rosela inaingia, unafunika, unahesabu dakika saba mpaka kumi, unachuja. Ukiiacha itokote nusu saa, kama tunavyozoea, ile rangi nyekundu inaanza kuvunjika na kuelekea kahawia, na ule ukakasi unaofanya ulimi uwe kama umekwaruzwa unatoka wote. Mnywaji analalamika, mpishi anaongeza sukari. Sukari nyingi mara nyingi ni dawa ya kosa la moto.

Ipo na njia ya baridi, ambayo mimi naipenda kuliko zote msimu huu wa joto. Maji yaliyochemshwa yakapoa, rosela ile ile, chombo cha kioo chenye mfuniko, usiku mmoja kwenye friji. Asubuhi unachuja. Ugwadu wake ni mwororo, na sukari kidogo sana inatosha. Tupia majani ya mnanaa au kipande cha mchaichai.

Nisogeleeni kidogo muone glasi hizi mbili. Zote ni chai moja. Katika hii nakamua limau. Mnaona wekundu ulivyong'aa? Katika hii natia magadi, chembe tu. Imekuwa zambarau, sasa inaelekea bluu. Rangi ya rosela inaitwa anthosianini, na hubadilika kufuata asidi. Ndiyo maana wengine hapa mnalalamika kwamba chai yenu inafifia au inaingia uzambarau. Hamkuuziwa rosela mbaya. Maji ya chumvi ya visima vyetu ndiyo yanayofanya hivyo. Tumieni maji ya mvua yaliyochemshwa, au malizieni kwa limau.

Na hii rangi ndiyo inayotudanganya kuhusu damu. Ndugu zangu, naomba mnisikilize hapa. Anthosianini ndiyo iliyomo kwenye zambarau na kabichi nyekundu. Si madini chuma, wala haigeuki damu mwilini. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu anahitaji kupimwa, kupewa vidonge vyake kliniki, na kula maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Inaniuma sana ninapoona binti anaweka vidonge kabatini kwa sababu amenunuliwa dumu la rosela. Mjamzito aulize kwanza kwa mkunga wake kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku.

Kuhusu shinikizo la damu, hapo pana la kusema. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 65 ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda kiasi. Waliopewa rosela walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6, na ile namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 7 hivi, wakati waliopewa kinywaji cha kufananishia ilishuka kwa 1 tu. Ni matokeo mazuri, lakini ni ya watu wachache na muda mfupi. Anayemeza dawa za presha asiziache. Amwambie daktari wake kwamba anakunywa rosela, kwa sababu viwili vikishusha kwa pamoja huenda akapata kizunguzungu.

Sukari sasa. Kikombe kimoja ndani ya lita moja ni kipimo cha kawaida majumbani mwetu, na hizo ni gramu 200. Kila glasi ya mililita 250 inabeba gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50 hizo hizo, na nusu yake ikiwezekana. Glasi moja imemaliza mgao. Badala ya sukari, chemsheni maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri pamoja na viungo, au loweka tende chache. Watoto wanazoea ndani ya wiki chache.

Ukishakunywa, sukutua kwa maji, ukae nusu saa hadi saa nzima ndipo upige mswaki, maana asidi hulainisha meno kwa muda. Dawa yoyote meza kwa maji matupu. Utafiti wa Sudan, ambako kinywaji hiki ni cha kila nyumba, ulionyesha mwaka 1994 kwamba kilipunguza klorokwini, ile dawa ya malaria, inayoingia mwilini.

Friji iitunze siku tatu tu, ikianza kutoa povu mwageni.

Mbegu nimeleta, ziko kwenye bahasha pale mezani. Kila kaya ichukue. Pandeni mvua zikianza, mpe kila mche nafasi ya hatua moja, maana unatanuka, na majani machanga msiyatupe, ni mboga nzuri yenye ugwadu wake. Karibuni kwenye jagi, halafu nisikie maswali yenu.